Jina Bila Mifupa, Mifupa Bila Jina

Machi 2015, mafundi wa stesheni mpya ya chini ya ardhi ya Liverpool Street, London, walilazimika kuwapisha wanaakiolojia wapatao 60. Pale palipopangwa ukumbi wa tiketi wa reli ambayo leo inaitwa Elizabeth Line palikuwa na makaburi ya Bedlam. Yalifunguliwa mwaka 1569, viwanja vya makanisa vilipokuwa vimefurika, na hayakuwa ya parokia yoyote. Humo walizikwa maskini, wasiofuata kanisa la serikali, na waliokufa kwa tauni. Kwa mwiko na brashi, mifupa ya watu zaidi ya 3,000 ikatolewa ili treni ipite.

Je, maiti anaweza kudhulumiwa?

Mwanafalsafa Epicurus wa Ugiriki angecheka. Kwake, kifo kikishafika mtu hayupo tena, na asiyekuwapo hana cha kuporwa. Mafundisho ya Kiislamu hayakubaliani naye hata kidogo: kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuvunja wa aliye hai, na kaburi halifukuliwi ila kwa dharura, au mwili ukiwa umeshageuka udongo. Sasa treni ya kuwahisha watu kazini ni dharura? Hapo mafakihi wangekesha.

Mkenya John Mbiti, mwanateolojia na padri wa Anglikana, alieleza jambo jingine katika kitabu chake cha mwaka 1969. Kwa Waafrika wengi aliowachunguza, marehemu hubaki karibu na walio hai maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina. Akifa wa mwisho aliyemjua, marehemu naye huzama katika kile Mbiti alichokiita Zamani, pamoja na umati usio na majina.

Bedlam inakitia majaribuni kipimo hicho cha kukumbukwa kwa jina. Lilipatikana jiwe la kaburi la Mary Godfree, aliyefariki tarehe 2 Septemba 1665, lakini halikuwa juu ya kaburi lake. Lilikuwa limejengewa kwenye msingi wa ukuta. Jina likapatikana, mwenyewe asijulikane yuko wapi. Kwenye shimo moja la maiti wengi mambo yalikuwa kinyume: meno ya watu 20 yalipimwa, 5 yakakutwa na chembe za urithi za kijidudu cha tauni. Kilichowaua kinajulikana, wao hawajulikani. Watu wa kujitolea nao walipekua rejista za parokia na kuorodhesha maelfu ya waliozikwa humo, ila kusoma jina la mtu si kumkumbuka.

Basi hawa hawakuwa na ndugu wa kulalamika wala wa kuwatambikia, na bado walifukuliwa kwa uangalifu, kisha wakazikwa upya Canvey Island, Essex. Epicurus hana maelezo mazuri ya uangalifu huo. Ajibu kwamba ni sheria, au kwamba mifupa ina manufaa kwa sayansi? Ni kweli, lakini sayansi ilishapata ilichotaka kabla ya mazishi ya pili.

Linalotatiza zaidi ni mpaka wa heshima yenyewe. Bedlam ilizika watu wanaokadiriwa kupita 20,000. Waliohamishwa kwa taratibu zote ni wale tu walioangukia ndani ya mchoro wa mhandisi.