Mtoto wa Kwanza na Wadogo Zake

Je, mzazi aweza kuwapenda watoto wake wote sawa, na mali akampa mmoja? Kabla hamjajibu, wewe na mwenzio, tazameni kijiji cha Olympos katika kisiwa cha Karpathos, nchini Ugiriki.

Kwa desturi ya zamani ya huko, mali ya mume na ya mke haikuchanganywa. Nyumba na mashamba ya mama yalimwendea binti wa kwanza, na mashamba ya baba yalimwendea mwana wa kwanza. Binti huyo, aliyeitwa kanakara, alipewa jina la nyanya mzaa mama. Siku za sikukuu alicheza ngoma akiwa na sarafu za dhahabu kifuani. Alipoolewa, mumewe ndiye aliyehamia kwake.

Msiharakishe kuwalaumu. Karpathos ni milima na mawe, na mashamba ni vipande vidogo. Yangegawanywa kwa watoto wote, hakuna ambaye angeshiba. Tena mke hakuwa mgeni nyumbani mwake.

Lakini wale wadogo je? Wavulana wengi walihama kutafuta kazi, wengine hadi Marekani. Wasichana wengi hawakuolewa. Walibaki wakimtumikia dada yao nyumbani na shambani. Ukoo uliokoka, lakini kwa jasho la watoto ambao hawakuulizwa. Hapo ndipo penye kosa. Umaskini waweza kumzuia mzazi asigawe shamba. Haumlazimishi amfanye mtoto mmoja mtumishi wa mwingine.

Baadaye fedha za waliohama zililegeza desturi hiyo, kwani mdogo aliweza kujitegemea bila shamba. Mwaka 1983 sheria ya Ugiriki ikaifuta ile mali ambayo wazazi walimpa binti aingie nayo katika ndoa.

Husemwa kwamba vidole havilingani. Ni kweli, lakini kila kimoja kikikatwa, huuma. Ikiwa mali yenu haitoshi kugawanywa, mtafutieni asiyepata shamba masomo, ufundi au mtaji. Naye asikie sababu kutoka vinywani mwenu nyote wawili, mngali hai. Asije akaisikia siku ya matanga.

Jioni hii ulizaneni: katika nyumba yetu, ni mtoto gani anayelipa ili mwingine apate? Naye, je, tumewahi kumwuliza?