Rehema Iliyotiwa Mikononi Mwetu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, vyenye kusema na visivyosema. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyeletwa kuwa rehema kwa walimwengu, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu Waislamu, nataka kuwaeleza jambo ambalo baadhi yenu mtaliona dogo. Mbuzi wa jirani mmoja mtaani kwetu alizaa wana wawili. Mmoja alimramba na kumnyonyesha, na wa pili alimkataa. Kila alipokaribia kiwele, mama alimpiga kwato na kumsukuma kwa pembe. Watu wakakusanyika uani kutazama. Huyu akasema ni jicho la hasidi, yule akasema ni jini, wa tatu akasema mama amekwisha kujua kwamba mwana huyu hana maisha. Mwisho ilikwenda kutafutwa hirizi, akafungwa shingoni kwa uzi mweusi. Siku ya tatu alikufa, na hirizi yake shingoni, na tumbo lake tupu. Na siku zote tatu hizo, mbuzi yule alikuwa akikamwa asubuhi, na maziwa yakitiwa katika chai.

Wala msidhani ya kuwa nawasema wenzangu nikajitoa mimi. Siku ya kwanza nalipita hapo nikienda darasani, nikamsikia analia, nikasema "Subhanallah", nikaenda zangu. Nalikwenda kuwasomesha watu mlango wa rehema. Basi maneno haya naanza kuyasema kwa nafsi yangu kabla ya kuyasema kwenu.

Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hureira (R.A.), Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kwamba Mwenyezi Mungu amezifanya rehema sehemu mia, akazuia kwake tisini na tisa, na akateremsha ardhini sehemu moja tu. Kwa sehemu hiyo moja viumbe wote huhurumiana, hata mnyama huinua kwato lake asije akamkanyaga mwanawe. Tazameni mfano aliouchagua Bwana Mtume: kwato la mnyama na mwanawe. Sasa ikiwa kwato lile lile lililoumbwa liinuliwe kwa huruma limeinuliwa kwa kupiga, je, tuseme rehema ya Mwenyezi Mungu imemkatikia mwana yule? Hasha! Rehema haikukatika. Imehama mahali tu. Imetoka katika kiwele cha mamaye ikaja mikononi mwa mwenye mbuzi, na mikononi mwa kila aliyeona na akaweza. Mbuzi hataulizwa siku ya Kiyama kwa nini amemkataa mwanawe, kwani hana akili wala taklifu. Atakayeulizwa ni mwenye akili aliyesimama akitazama.

Tena jueni ya kuwa sababu za mbuzi kumkataa mwanawe ni mambo yanayojulikana kwa wafugaji. Huenda ikawa ni uzazi wake wa kwanza, hajajua ulezi. Huenda amezaa wawili au watatu na maziwa hayatoshi. Huenda kiwele kimevimba au chuchu ina kidonda, na kila anyonywapo huumia. Na mbuzi humjua mwanawe kwa harufu katika saa za mwanzo baada ya kuzaa; akiondolewa mwana mapema, akashikwashikwa na watu na kutiwa harufu nyingine, mama huweza kumwona mgeni akamfukuza. Katika hayo yote hapana jini wala uchawi. Jicho ni haki, hatulikanushi, maana limethibiti katika hadithi sahihi. Walakin si kila tusilolijua sababu yake tuliweke juu ya jicho, tukalifanya jicho ni kifuniko cha uvivu wetu.

Na hukumu ya sharia katika jambo hili i wazi. Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho twakisomesha katika misikiti yetu, ameufunga mlango wa nafaka kwa nafaka ya wanyama, baada ya nafaka ya mke, ya jamaa na ya mtumwa. Ni wajibu juu ya mwenye mnyama kumlisha na kumnywesha. Akikataa, na mnyama ni wa kuliwa, hulazimishwa mojawapo ya mambo matatu: amlishe, au amuuze, au amchinje. Hapana jambo la nne, yaani kumwacha afe kwa njaa. Kisha akaongeza ya kwamba haifai kukama maziwa kwa kadiri ya kumdhuru mwana wa mnyama. Basi chai ile tuliyokunywa mtaani kwetu, ndugu zangu, ilikuwa na haki ya mwingine ndani yake.

Na nani asiyeijua khabari ya yule mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka? Alimfunga; hakumlisha, wala hakumwacha akajitafutia wadudu wa ardhini. Zingatieni ya kuwa hakumpiga wala hakumchoma moto. Kosa lake ni kuwa chakula cha yule paka kilikuwa mkononi mwake, naye akakizuia. Na mwana wa mbuzi wa siku moja, aliyefungiwa uani, hana awezacho kujitafutia.

Atasema msemaji: "Sisi twamtegemea Mwenyezi Mungu." Naam, na ni nani asiyemtegemea? Lakini Mtume (S.A.W.) alipotupigia mfano wa tawakkul alitaja ndege, kwamba hutoka asubuhi na matumbo matupu wakarudi jioni wameshiba. Hutoka! Hawakai viotani wakafungiwa hirizi. Hatukatazi mtu kumwomba Mwenyezi Mungu na kumsomea Qur'ani aliye mgonjwa, kwani Qur'ani ni ponyo. Tunalolikataza ni kumtundikia kiumbe mwenye njaa karatasi shingoni, na maziwa yamo ndani ya kiwele hatua mbili kutoka hapo. Huko si kumtegemea Mwenyezi Mungu, bali ni kuipa mgongo njia aliyoiweka Yeye mwenyewe.

Na njia hiyo si ngumu. Nimewauliza wafugaji na watu wa elimu ya wanyama, nami nawaandikia muhtasari wake ili asiwe na udhuru mtu yeyote.

Kwanza, mshikeni mama, mfungeni kwa upole, mumtie mwana chuchu mdomoni. Fanyeni hivyo mara kadha kila siku; wengi katika mbuzi huridhika baada ya siku chache. Kitazameni kiwele chake, na kikiwa kimevimba atibiwe.

Pili, akizidi kukataa, mkameni ile dang'a, maziwa mazito ya mwanzo, mumpe mwana kwa chupa yenye chuchu ya mpira. Dang'a ndiyo ngao yake ya maradhi. Apewe katika saa za mwanzo, wala zisipite saa sita, kwani baada ya siku moja tumbo lake haliwezi tena kuipokea ngao hiyo. Siku ya kwanza asipungukiwe na sehemu moja katika kumi ya uzito wake. Mwenye kilo 2 apewe gramu 200 au zaidi, kidogo kidogo kwa mara nyingi. Ikiwa mama hana, itafutwe kwa mbuzi mwingine aliyezaa karibuni.

Tatu, mtieni kidole mdomoni. Mkiona mna baridi, mpasheni moto kwanza kwa nguo kavu, kisha ndipo anyweshwe. Maziwa yawe na uvuguvugu wa mwili, yasiwe baridi wala ya kuunguza. Asilazwe chali kama mtoto wa mtu, kwani maziwa huingia mapafuni yakamwua. Asimame kwa miguu yake, na shingo ainyoshe juu kama anyonyavyo kwa mamaye.

Nne, baada ya dang'a yafaa maziwa ya mbuzi au ya ng'ombe, mara nne au tano kwa siku katika juma la kwanza, kisha mara tatu. Asijazwe kupita kiasi, maana ataharisha. Chupa ioshwe kwa maji ya moto kila mara. Akitimia majuma mawili ataanza kutafuna majani, na akifika miezi mitatu hivi anaweza kuachishwa.

Huu ndio uchawi wote unaotakikana: chupa, moto, maji safi, na mtu asiyechoka.

Mwaka uliofuata mbuzi yule yule alizaa tena, akamkataa mmoja tena. Safari hii kijana mmoja katika wanafunzi wa chuo chetu alimchukua akamlea kwa chupa. Alikuwa akichelewa chuoni asubuhi, nami nikamwita nimtie adabu. Akanijibu kwa heshima, kichwa ameinamisha: "Maalim, asubuhi hapana mwingine wa kumnywesha." Wenzake wakacheka, wakamwita mama wa mbuzi. Mimi sikucheka. Nalimkumbuka yule wa mwaka wa kwanza na uzi wake mweusi. Nikawaambia wale wanafunzi kwamba hakupelekwa Mtume yeyote ila alichunga kondoo na mbuzi, kama alivyosema Bwana Mtume mwenyewe. Na anayewacheka wachungaji aangalie anamcheka nani. Mbuzi yule akaishi, na leo naye ana wana wake.

Pengine atanena mtu: "Watu wana njaa, nawe watushughulisha na mbuzi?" Namjibu kuwa rehema si kama maziwa ya chupa, ambayo ukimpa huyu yanampungukia yule. Rehema hukua kwa kutumika. Mkumbukeni Bwana wetu Muhammad alipokuwa mchanga, yatima, walezi waliotoka jangwani wakimpita mmoja baada ya mmoja kwa kuwa hana baba wa kuwalipa, hata akamchukua Halima binti Abi Dhuaib wa Bani Saad. Aliyekataliwa na wengi ndiye aliyekuwa baraka ya nyumba ile. Na katika miji yetu wamo watoto ambao mama amekwenda zake, au baba amewatupa bila nafaka, na watu husimama kutazama na kusema ndivyo walivyoandikiwa. Mkono uliojizoeza kupasha maziwa alfajiri kwa ajili ya mnyama asiyeweza kushukuru, hautakuwa mzito kumfungulia mlango yatima.

Basi, ewe ndugu yangu, ukisikia sauti ya mwenye njaa uani kwako au kwa jirani yako, usiseme "Subhanallah" ukapita kama nilivyopita mimi. Iseme, kisha usimame.

Ewe Mola wetu, tughufirie tuliyoyapuuza, utujaalie tuwahurumie waliomo ardhini ili nasi tuhurumiwe na Wewe. Amin.