Heshima kwa Aliye Chini Yetu

Ukishavuna mahindi Zombo, wilayani Kilosa, kazi inayobaki ni kuyalinda. Panya hasubiri mwaliko. Magunia yakiingia ndani, naye yumo. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za huko paka huletwa kwa ajili ya kazi, na huletwa angali mdogo ili apazoee. Mara nyingi anamkuta nyumbani mtoto aliyeanza kutembea juzi tu. Wakubwa wanawaza magunia. Mimi nawawaza hao wawili wanaokutana sakafuni.

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hajawahi kumzidi mtu nguvu. Anabebwa, anavishwa, ananyang'anywa kisu, anaondolewa motoni. Paka mdogo anapoingia, kwa mara ya kwanza yupo kiumbe ambaye mtoto huyo anaweza kumuumiza. Naye hajui hilo. Anauvuta mkia kwa furaha, anaibana shingo kwa mapenzi. Wanaolima jirani na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi wanalielewa jambo hili vizuri: tembo anayepita shambani usiku hana kinyongo na mkulima, lakini asubuhi msimu umeharibika. Kwa paka mchanga, mtoto ndiye tembo.

Paka akibanwa sana atakwaruza, na hapo mkubwa hukurupuka: anampiga teke paka, au anamchapa mtoto kwa kumchokoza. Kwa vyovyote, mtoto amejifunza kwamba mwenye nguvu ndiye anayepiga.

Ipo njia nyingine, nayo inadai muda. Mkubwa akae chini, aushike mkono wa mtoto na kuupitisha taratibu mgongoni mwa paka, mara chache tu, kisha amwachie paka aende. Paka awe na pa kukimbilia, juu ya magunia au uchagani, na akifika huko asifuatwe. Akila au akilala, aachwe. Masikio yakilala nyuma na mkia ukianza kupigapiga, ameshasema basi. Mtoto aondolewe kabla kucha hazijatoka. Wasiachwe wawili peke yao, hata kwa muda wa kuchota maji, wala wasilale pamoja. Na paka asiondolewe kwa mama yake kabla ya wiki nane hivi, kwa sababu ni katika kucheza na ndugu zake anapojifunza kung'ata bila kuumiza. Naye ana malezi yake.

Malezi haya yana upande wa afya pia. Kinyesi cha paka kiondolewe kila siku, na mama mjamzito asikiguse, maana vimelea vya toksoplasma vilivyomo huanza kuwa na uwezo wa kuambukiza baada ya siku moja hadi tano. Paka apewe dawa ya minyoo, na akitimiza miezi mitatu achanjwe kichaa cha mbwa, kwa kuwa ugonjwa huo huwapata paka pia. Akimng'ata mtoto, au akimkwaruza ngozi ikachanika, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Tunajua kulea heshima ya kwenda juu. Mtoto hajatamka maneno kumi, tayari tunamfundisha shikamoo na kupokea kwa mikono miwili. Heshima ya kwenda chini, kwa asiyeweza kutudai chochote, tunamwachia mtoto ajifunze mwenyewe. Waislamu wanakumbuka Hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula, wala kumwacha ajitafutie. Tanzania nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Dini na sheria zote zinamuuliza mwenye nguvu amezitumiaje, na ni vema swali hilo limfikie mtoto nguvu zake zikiwa bado ndogo.

Kwa maana mtoto huyo hatabaki kuwa mdogo wa nyumba. Atapata mdogo wake, atakabidhiwa mbuzi wa kuchunga, na baadaye atakuwa na watu wanaomtegemea kwa chakula. Mkono atakaowashika nao hao wote ndio huu tunaouongoza leo, na unastahili tuketi naye chini hadi uzoee upole.