Jiwe Mfukoni

Jiwe lenyewe ni dogo, kama kifuniko cha soda. Liko mezani kwangu hapa Mtwapa, kando ya laptopu, na limenisumbua kwa miezi minane sasa.

Niliokota Uluru, ule mwamba mwekundu ulio katikati ya Australia. Dada yangu hutandika vitanda kwenye hoteli moja kule Yulara, na ndiye aliyenilipia tiketi. Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili na kuishi kwa kuwaandikia watu makala, ningetoa wapi pesa hiyo? Yulara ni kijiji kilichojengwa kwa ajili ya wageni. Kilifunguliwa 1984 ili hoteli zilizokuwa zimejibana chini ya mwamba ziondolewe pale. Kina mabwawa ya kuogelea, duka la vyakula na kituo cha mafuta, halafu pande zote ni mchanga mwekundu hadi macho yachoke. Kuufikia mwamba ni mwendo wa kama kilomita 20.

Una urefu wa mita 348. Kwa Waanangu, wenyewe wa pale, sheria na visa vya mababu zao vimo ndani ya mwamba huo. Serikali iliwarudishia ardhi 1985, nao wakaikodisha kwake iwe mbuga kwa miaka 99. Kwa muda mrefu waliwaomba wageni wasiupande. Kuupanda kulipigwa marufuku 26 Oktoba 2019, na kabla ya siku hiyo watu walipanga foleni ndefu wauwahi. Nilipoona picha za foleni hiyo nilicheka. Nikamwambia dada, "Hawa wakiambiwa hapana ndiyo wanapata hamu."

Kesho yake nikauzunguka kwa miguu, kilomita 10 hivi. Karibu na mwisho nikainama kufunga kamba ya kiatu. Nilipoinuka, jiwe lilikuwa mfukoni.

Nilijitetea haraka: yako mamilioni, nani atahesabu? Na hapo ndipo swali lenyewe lilipo. Je, wizi ni wizi kama hakuna aliyepungukiwa?

Sisi Wagiriama tunalijua jibu, maana tumelilipia. Mzee wa Gohu akifa huchongewa kigango, nguzo ya mti ya kumkumbuka. Vigango vingi viliibwa, vikauzwa, vikaishia kwenye makumbusho na sebule za Marekani. Viwili vilirudishwa 2007, na vingine baadaye. Nina hakika walionunua walijiambia maneno yangu yaleyale: ni mti tu, umesimama porini, mchwa wameanza kuula. Lakini Nyanya akipita pale kigango cha babake kilipokuwa, hunyamaza hadi tufike barabarani. Alichoibiwa ni zaidi ya mti. Mtu asiyemjua alimwamulia kipi chake kina thamani na kipi hakina. Na mimi, ambaye nimeandika nyuzi ndefu mtandaoni kuhusu vigango, nilifanya hivyohivyo nikifunga kamba ya kiatu. Nyani haoni kundule.

Basi rudisha, utasema. Dada anasema wageni hurudisha kweli. Vifurushi huja kwa posta kutoka pande zote za dunia, mawe yakiwa na barua za kuomba radhi, na baadhi huandika kwamba tangu wachukue wamepata mikosi. Mimi sijapata mkosi wowote, hata kazi zimeongezeka. Kwa hiyo siwezi kujificha nyuma ya woga. Anayerudisha kwa kuogopa mkosi anarudisha mkosi, jiwe linafuata tu.

Tena kurudisha si dawa kamili. Walinzi wa mbuga hawajui kila jiwe lilitoka pembe ipi, kwa hiyo huwa mzigo mwingine mikononi mwa watu walewale. Nilimwomba dada anisaidie kulipeleka. Akanijibu, "Kaka, mzigo wako usinitwike mimi. Andika barua, useme uliokota wapi."

Najaribu kukumbuka: upande wa kivuli, karibu na mwisho wa njia, palikuwa na mti mmoja. Wakati ule sikutazama. Nilikuwa na haraka ya kuchukua.

Huwa nalipwa kwa maneno, lakini barua hii nimeianza mara tatu. Kila mara sentensi ya kwanza inakuja hivi: "Ni jiwe dogo tu." Kila mara naifuta.