Je, Kirusi Kilichouawa kwa Nuru Kimekwisha?



Sote twajua kwamba kanga ikianikwa juani siku nyingi hupauka. Nuru ina nguvu ya kuharibu, na wataalamu wameitumia nguvu hiyo kupigana na virusi. Hutia rangi maalumu inayojishikiza kwenye chembe za urithi za kirusi, kisha humulika. Rangi ikipata nuru huamka, ikauvunja urithi ule, na kirusi hakiwezi tena kuzaana. Lakini je, ni haki kumtendea mgonjwa hivyo kabla hatujajua ni nini kinachobaki?

Swali hili si la kubuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, huko Marekani, wagonjwa wengi wa malengelenge ya herpesi walitibiwa hivyo. Malengelenge yalipasuliwa, yakapakwa rangi nyekundu, yakamulikwa kwa taa. Wengi waliamini wamepona. Kumbe mwaka 1973 Fred Rapp na wenzake walionyesha maabarani kwamba kirusi hicho, hata baada ya kunyimwa uwezo wa kuzaana, kiliweza kuzigeuza chembe za wanyama zikafanana na za saratani. Adui alikuwa ameanguka, lakini hakuwa ameacha kudhuru.

Jambo la maabara si hukumu juu ya mwili wa mtu, nasi tusizidishe hofu. Lakini mwaka 1975 jaribio lililolinganisha rangi hiyo na rangi ya kuigiza isiyo na dawa halikuona tofauti: wagonjwa wa pande zote mbili waliendelea vilevile. Basi watu walikuwa wamebebeshwa hatari, hata kama ni ndogo, pasipo faida yoyote ya kuipima nayo. Hapo ndipo penye uzito. Waganga wale hawakukosa huruma. Iliyokosekana ni subira ya kulinganisha kwanza.

Je, tuseme basi nuru na iachwe? Hapana. Tumfikirie mtoto wa hapa Malangali aliyeishiwa damu kwa malaria. Mpango wa Taifa wa Damu Salama hupima damu yetu virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende. Hata hivyo mtu aliyeambukizwa juzi aweza kupimwa asionekane na kitu. Kukataa kila njia mpya nako ni kumwachia mtoto huyo hatari.

Kwa ajili hiyo damu imejaribiwa kutiwa riboflavini, yaani vitamini B2, na kumulikwa kwa mionzi ya urujuanimno. Matokeo ya Kumasi, Ghana, yalitolewa mwaka 2016: kati ya wagonjwa 37 waliopewa damu ya kawaida, 8 waliambukizwa malaria, kati ya 28 waliopewa damu iliyomulikwa, ni 1 tu. Malaria si kirusi, lakini njia ni ileile. Kampala nako uliandaliwa utafiti wa namna hiyo, wa kuangalia malaria, bakteria na virusi pia. Hata njia hii ina gharama zake: virusi vikiwa vingi mno baadhi huponyoka, na chembe nyekundu za damu huchakaa upesi zaidi.

Tofauti kati ya habari hizi mbili si kwamba moja ina hatari na nyingine haina. Zote zinayo. Tofauti ni kwamba katika hii ya pili walilinganisha kwanza, wakahesabu, na hasara zikatajwa waziwazi.

Basi twaona kwamba kumpa mgonjwa jambo jipya ni halali pale faida yake inapopimwa kwa haki, mabaki yake yanapochunguzwa, na yeye au mzazi wake anapoelezwa yote kwa lugha aielewayo, akiwa huru kukataa. Tukiwa kitandani, au tukisimama kando ya mtoto wetu, tusione haya kuuliza: imelinganishwa na nini, na inaacha nini? Mganga mwema hatachukizwa na swali hilo.