Hela ya Noeli Iko Wapi?

Somo la kutafakari: 2 Wakorintho 8:16-21



Mpendwa kijana, zimebaki wiki chache tuingie Majilio, na kwenye vikundi vyetu maneno ni yale yale: mchele, mafuta, nguo za watoto, nauli ya kwenda nyumbani. Wengi wetu tunaweka kidogo kidogo tangu mwanzo wa mwaka ili Noeli isitukute mikono mitupu. Ni jambo jema kabisa. Ila leo naomba tutafakari swali dogo ambalo wengi tunaona aibu kuliuliza: hela yenyewe iko wapi?

Nianze na kisa cha Uingereza. Kulikuwa na kampuni inaitwa Farepak. Kazi yake ilikuwa kupokea akiba za watu kwa ajili ya Noeli. Ulilipa kidogo kidogo mwaka mzima, kwa wiki au kwa mwezi, na Noeli ikikaribia unaletewa kapu la vyakula au vocha za kununulia vitu madukani. Hela ilikusanywa na mawakala, wengi wao akina mama, waliopita kwa ndugu, majirani na wafanyakazi wenzao. Kwa hiyo mtu hakuwa anaiamini kampuni tu. Alikuwa anamwamini shangazi yake, au jirani wa mlango wa pili.

Tarehe 13 Oktoba 2006 Farepak ikaanguka. Zaidi ya watu laki moja walikuwa wameshalipa karibu mwaka mzima, na zilipotea karibu pauni milioni 40. Kwa wastani kila mteja alipoteza mamia ya pauni. Hawakuwa matajiri hao. Wengi walikuwa watu wa kipato kidogo waliojibana mwaka mzima kusudi wasiingie kwenye madeni mwezi Desemba.

Ilikuwaje? Hela za wateja hazikuwa zimetengwa. Ziliingia kwenye chungu kimoja na hela za kuendeshea kampuni mama, ambayo ilikuwa na deni kubwa benki. Mambo yalipoharibika, wateja wakakuta wao si wenye akiba. Ni wadai tu kama wadai wengine, na wako nyuma ya benki kwenye foleni. Tena kwa kuwa Farepak haikuwa benki, ile kinga ya serikali kwa watu walioweka fedha benki haikuwahusu. Watu wenye moyo mwema walichanga ili familia zile zipate chochote Noeli ile. Lakini mpaka wateja wafikie kurudishiwa kama nusu ya hela yao, ulikuwa tayari mwaka 2012.

Sasa, ukisikia hivi ni rahisi kusema, "Si walikuwa wajinga tu!" Ndugu yangu, usiseme hivyo. Waliweka akiba, na kuweka akiba ni fadhila. Yosefu kule Misri alitunza sehemu ya tano ya mavuno ya miaka ya shibe, na taifa zima likapona njaa (Mwanzo 41). Aliyebeba kosa ni aliyechukua hela ya watu akaichanganya na yake. Kanisa linatufundisha katika Katekisimu, kwenye maelezo ya amri ya saba (2409-2410), kwamba kuchukua na kushikilia mali ya mwenzako isivyo haki ni kinyume cha amri hiyo, na kwamba ahadi na mikataba ya haki lazima itimizwe.

Nakiri kwamba maneno haya nayaandika kwa aibu. Miaka michache iliyopita nilikuwa mhazini wa kikundi chetu cha vijana hapa kigangoni. Tulikuwa 18, kila mtu anatoa 5,000 kwa wiki kwa ajili ya Noeli. Hela yote ilikaa kwenye simu yangu, kwenye laini ile ile niliyokuwa nanunulia vocha na kutumia nyumbani. Mwezi wa kumi nikapata mtu wa kuniuzia robota la mitumba kwa bei nzuri. Nikajiambia, nachukua laki tatu, wiki mbili narudisha, hakuna atakayejua. Sikujiona mwizi hata kidogo. Nilijiona mjasiriamali.

Mvua zikaanza, mnada ukalala, robota lenyewe nusu yake lilikuwa makoti. Jumapili moja baada ya Misa, dada mmoja mwenzetu anayeuza maandazi akaniuliza kwa upole tu: "Kaka mhazini, hivi hela yetu imefika ngapi? Tuonyeshe basi." Mnajua nilimjibu nini? "Kwani huniamini?" Nilisema kwa sauti, watu wakageuka, akanyamaza. Yeye ndiye aliyeona aibu, na mwenye hatia nilikuwa mimi.

Nilipokwenda kuungama, padre aliniambia kutubu bila kurudisha ni safari ya nusu, na kwamba wanakikundi wana haki ya kujua. Niliuza simu, nikauza makoti kwa hasara, nikakopa kwa kaka yangu. Hela ikatimia siku tatu kabla ya mgao. Nikasimama mbele ya wenzangu 17 nikasema nilichofanya. Wakanitoa uhazini, na walikuwa sahihi. Yule dada wa maandazi ndiye aliyechukua nafasi yangu.

Ndiyo maana somo la leo linanigusa. Mtume Paulo alikuwa amekusanya michango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Alikuwa mtume! Nani angethubutu kumshuku? Lakini hakusema "niaminini." Alipanga hela ile isimamiwe pamoja na ndugu wengine, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa yenyewe, ili asiwepo wa kulaumu. Alitaka mambo yake yawe safi mbele ya Mungu, na mbele ya watu pia. Kama Paulo alikubali kuangaliwa, mimi na wewe ni akina nani tukatae?

Kwa hiyo, mpendwa kijana, tuondoke na mambo matatu.

Kwanza, kama unaweka hela kwa mtu au kikundi, uliza. Hela inakaa wapi? Kwa jina la nani? Nani na nani wanatakiwa kukubali ndipo itolewe? Kikundi kimeandikishwa? Kikivunjika leo, napataje changu? Kuuliza si kukosa imani wala si kumtukana mtu. Ni busara, na busara ni fadhila. Anayekasirika ukimuuliza, mwangalie vizuri. Nasema kwa sababu nilikuwa yeye.

Pili, kama unashika hela ya wenzako, iweke mbali na yako. Akaunti ya kikundi, watia saini watatu, taarifa isomwe kila mwezi mbele ya wote bila kungoja kuombwa. "Naazima kidogo" ndiyo lugha ya shetani kwa wahazini. Bwana Yesu anasema juu ya uaminifu katika kidogo (Luka 16:10), na hela ya mama muuza mboga ni kidogo machoni pako tu. Kwake ni jasho la mwaka.

Tatu, na hili tulishike sana: Noeli haidai zaidi ya ulicho nacho. Maria na Yosefu walipompeleka Mtoto hekaluni walitoa sadaka ya ndege wawili (Luka 2:24). Sheria ilitaka mwanakondoo, na aliyeshindwa kumpata ndiye aliruhusiwa ndege (Walawi 12:8). Hawakukopa mwanakondoo ili majirani wawaone. Walitoa cha uwezo wao, na mikononi walikuwa wamembeba Mwanakondoo mwenyewe. Ikitokea mwaka huu akiba imepotea, au haikutosha, usikimbilie mkopo wa riba kwa ajili ya pilau ya siku moja. Nyumba yenye maharage na amani, Yesu anaingia.

Wiki hii fanya jambo moja. Kama ni mwanachama, uliza lile swali. Kama ni mhazini, jibu kabla hujaulizwa.

Tuombe: Ee Bwana Yesu, uliyelelewa katika nyumba ya fundi aliyeishi kwa jasho lake, utupe mikono safi na macho yaliyo wazi. Uwafariji wote waliopoteza akiba zao. Uwape toba waliozichukua, na nguvu ya kuzirudisha. Mtakatifu Yosefu, mtunzaji mwaminifu, utuombee. Amina.