Mfumo wa zabuni unaona bei, hauoni mfuko wa saruji

 

Ndugu Waislamu, wako miongoni mwetu wanaouza saruji na nondo, wenye malori ya mchanga, mafundi seremala, akina mama wanaopika chakula cha semina. Kwa miaka mingi kauli yao imekuwa moja: zabuni za serikali zina wenyewe. Tangazo linabandikwa ukutani, mshindi ameshajulikana, na wewe unapeleka bahasha ili idadi itimie.

Bahasha ile imeondoka. Tangu Oktoba 1, 2023 taasisi za umma, kuanzia wizara hadi halmashauri, zinatakiwa kununua kupitia mfumo mmoja wa mtandao uitwao NeST, unaosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma (PPRA). Umechukua nafasi ya ule wa TANePS, na Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023 imeupa nguvu. Tangazo limo humo, mzabuni anajaza bei yake humo, na muda ukifika zabuni zinafunguliwa humo. Hakuna tena ofisa wa kuchungulia bahasha ya fulani usiku ili ampigie simu mwenzake.

Kuna wanaosema mambo haya ni ya dunia, hayahusu mimbari. Basi na wajiulize kwa nini aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 katika Suratul Baqara, inazungumzia kuandikiana madeni: mwandishi awe muadilifu, mashahidi wawepo, wala watu wasichoke kuandika, jambo likiwa dogo au kubwa. Mwenye kuamini aya hiyo hana sababu ya kuukimbia mfumo unaoandika kila kitu.

Tuje Misungwi, hapo kusini mwa Jiji la Mwanza, maana wilaya hii imegeuka uwanja wa ujenzi. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa na Rais Samia Juni 19, 2025, na reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka inapita katika wilaya hiyo hiyo, pale Fela. Kazi hizo kubwa zilichukuliwa na makampuni ya China. Lakini darasa la Usagara, zahanati ya kijiji, matundu ya vyoo, madawati, hizo ndizo kazi ambazo msomaji wetu mwenye duka la vifaa anaweza kuzigusa. Na hapo ndipo mtihani wake ulipo.

Kushindana kwa bei ni halali. Tirmidhi amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) mwenyewe alinadi tandiko na kikombe vya mtu maskini, akampa aliyezidisha. Alichokataza, kama walivyopokea Bukhari na Muslim, ni najash: mtu kutaja bei asiyokusudia, ili mwingine ahadaike. Sasa niambieni, wafanyabiashara watatu wakikutana kwenye mgahawa, wawili wakakubaliana kujaza bei za juu ili wa tatu aonekane nafuu, kisha wagawane, hilo ni jina gani? Au mtu mmoja mwenye kampuni tatu, moja yake, moja ya mkewe, moja ya shemeji, anayejijazia bei mwenyewe? Mnadani bei hupandishwa kumhadaa mnunuzi mmoja. Hapa anayehadaiwa ni halmashauri nzima, pamoja na mtoto atakayekaa sakafuni kwa sababu fedha ya madawati mia imenunua sitini. Kompyuta itapokea bei zote tatu bila kulalamika.

Liko pia la asilimia 30. Sheria imeagiza sehemu hiyo ya bajeti ya ununuzi itengwe kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Ni haki nzuri. Lakini anayekwenda kwa akina mama kumi, akawaomba jina la kikundi chao, akashinda zabuni nyuma ya pazia na kuwaachia fedha ya sukari, huyo amekula mali ya wenzake kwa batili, na aya ya 188 ya sura ile ile imekwishamtaja.

Na zawadi je? Msomaji wa siku nyingi atakumbuka neno takrima, lililoingizwa katika sheria ya uchaguzi mwaka 2000 mpaka Mahakama Kuu ikalifuta mwaka 2006. Mtume (s.a.w.) alilimaliza mapema. Mkusanya zaka mmoja alirudi akasema hiki ni chenu na hiki nimezawadiwa. Mtume akapanda mimbari, akauliza kwa nini asingekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama zawadi ingemfuata. Ofisa anayepelekewa mbuzi baada ya mkataba kusainiwa ajiulize hivyo hivyo.

Lakini linalonisumbua zaidi ni lile ambalo mfumo hauwezi kuliona kabisa. Imepokewa na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye rundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vikatoka vimelowa. Mwenye mali akasingizia mvua. Akaulizwa kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu, watu waione. Kisha akaambiwa kuwa mwenye kughushi hayumo katika sisi.

NeST inaona rundo kwa juu. Inaona bei, leseni, namba ya mlipa kodi. Haiingizi mkono. Hati ya mapokezi ikisema mifuko 200 ya saruji, kwake ni 200, hata kama lori lilishusha 150. Nondo ya milimita 12 ikibadilishwa kuwa ya 10, au tripu ya mchanga ikaja nusu, atakayejua ni yule aliyesimama pale lori likishusha. Suratul Mutaffifiin imeanza kwa kuwatishia adhabu watu wa namna hii, wanaopokea kwa ukamilifu na kupima kwa upungufu.

Wa kusimama hapo ni nani? Katika shule na zahanati zinazojengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti huundwa kamati ya mapokezi, na wananchi wa kawaida huwa ndani yake. Mara nyingi ni mzee mmoja anayeheshimika, na karatasi humfuata nyumbani jioni ili atie sahihi. Sahihi hiyo ni ushahidi, nao atauulizwa. Asitie mpaka ahesabu.

Kwa wenye biashara: jisajilini wenyewe. Kijana wa steshenari akusaidie kujaza, lakini neno la siri lako usimwachie. Ukiona umedhulumiwa, iko Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma, na malalamiko yana muda wake, yasingoje. Na wewe unayeishi jijini lakini kwenu ni Misasi au Mbarika, ukienda kusalimia wazazi ukakuta mkutano wa kijiji na taarifa ya ujenzi inasomwa, uliza mifuko mingapi iliingia stoo, na nani aliihesabu.